Historia ya Revocatus Makongoro, Mjenzi Aliyebadili Kauli

Baba paroko, ndugu mwakilishi wa mheshimiwa mbunge, wazee wetu, akina mama mliolala hapa msibani tangu Jumatatu, na ninyi viongozi wa Umoja wa Wajenzi na Wauza Vifaa mliokaa kwenye viti vya mbele vyenye vitambaa vyeupe, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba utulivu, kwa sababu historia hii ina mahali itakapowawasha baadhi yetu. Kikao cha ukoo kimempa Boke, mdogo wake wa kike marehemu, kazi ya kusoma, si kwamba wanaume wa Makongoro wamekwisha, bali marehemu mwenyewe alimtaja akiwa hospitalini, akasema, "Mpeni Boke, yule haogopagi mtu." Jana mchana alifika mjumbe wa Umoja akaomba aione kwanza karatasi hii ili, kwa maneno yake, waangalie lugha. Alipewa chai, akanywa, akapewa na kiazi, akala, akaondoka, karatasi hakuiona, na sasa ataisikia pamoja na wenzake.

Marehemu Revocatus alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Butiama, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Makongoro Ryoba na marehemu Mama Rhobi, wakulima wa mtama na mihogo waliokuwa na ng'ombe wa kutosha kulipia mahari na kubaki na wa maziwa. Mama yetu alikuwaga akisimulia kwamba mtoto huyu hakuweza kupita kwenye nyumba ya mtu bila kugusa ukuta, na akiuona umeinama anamfuata mwenye nyumba kumwambia, na kwa ajili hiyo alichapwa sana, maana hakuna mzee wa Butiama anayependa kuambiwa na mtoto wa miaka saba kwamba ukuta wake umelewa. Tabia hiyo fimbo haikuitoa, na wengi mliokaa hapa mbele mnaijua vizuri kuliko sisi.

Alianza shule ya msingi hapa Butiama mwaka 1969 akamaliza 1975, akajiunga na masomo ya ufundi mjini Musoma mwaka 1976 hadi 1979, halafu akaenda Mwanza kusomea ufundi sanifu wa majengo, akahitimu Novemba 1982, akiwa wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa usafi wa bweni. Desemba mwaka huohuo aliajiriwa serikalini, upande wa ujenzi, mjini Musoma, akafanya kazi kwa uaminifu mpaka alipopunguzwa pamoja na wenzake mwezi Juni 1994, ndipo akafungua kampuni yake ndogo, Makongoro Ujenzi, ofisi ikiwa Iringo, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Alijenga madarasa, alijenga zahanati, alijenga maghala ya pamba huko Bunda ambayo mpaka leo yamesimama, na mafundi wake walimpa jina la Mzee Bomoa, kwa sababu alikuwa akitembea na nyundo na uzi wa timazi, anagonga nguzo, anasikiliza, na isipompendeza anasema neno hilo moja tu, bomoa, hata kama zege limemwagwa jana na jua linawaka. Walimnung'unikia, wakabomoa, wakajenga tena, na hakuna jengo lake hata moja lililomdhuru mtu.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 26 Desemba 1987 na Dorkas, binti wa Mzee Mwandu, mkulima wa pamba wa Nyasura, Bunda, baada ya maneno mengi, kwa sababu Dorkas alikuwa Mprotestanti na Mzee Mwandu hakutaka kusikia habari za Roma nyumbani kwake, mpaka marehemu alipopanda juu ya paa la ghala lake la pamba lililokuwa linavuja, akaliziba bila kuombwa, akashuka, ndipo mzee akasema basi, huyu hata kama ni Mkatoliki anafaa. Msimamizi wa ndoa ile alikuwa rafiki yake kipenzi, Ndugu Abednego Ngusa, aliyesoma naye Mwanza, na ambaye leo ni mwenyekiti wa Umoja na tunamwona pale katikati. Ndoa ilijaliwa watoto wawili, Brenda aliyezaliwa 1989 na sasa ni muuguzi, na Boniphace aliyezaliwa 1992 na sasa ni mwalimu wa sekondari Bunda, na wajukuu watano wanaomwita babu kwa majina ambayo hayafai kusomwa mbele ya paroko.

Mwaka 2005 marehemu na Ndugu Ngusa na wengine walianzisha Umoja huu, Ngusa akawa mwenyekiti na marehemu makamu wake, wakasaidiana kwenye zabuni, kwenye misiba na kwenye harusi, na tusiwe wachoyo wa fadhila, ulikuwa Umoja mzuri. Walikuwa na desturi yao moja ambayo lazima ielezwe hapa, nayo ni kwamba mwanachama hajijengei nyumba yake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, walisema, kwa hiyo anayetaka nyumba anajengewa na mwenzake, na mwenzake akishaingia kazini, mwenye nyumba haendi kukagua, hagongi nguzo, haulizi nondo za ngapi, kwa sababu kumkagua mwenzako ni kumwambia mbele ya mafundi wake kwamba ni mwizi. Ndivyo walivyoheshimiana, watu hao hao ambao kwa nyumba za wengine wanahesabu kila tofali.

Mwaka 2017 ukaletwa muswada ambao ulitaka, kwa kifupi, kwamba jengo likianguka ndani ya miaka kumi tangu likabidhiwe, aliyelijenga aulizwe, na aliyemuuzia vifaa vibovu aulizwe naye. Umoja uliuchukia muswada ule kama mbwa anavyochukia maji. Walisema utawafilisi, walisema kila ufa kwenye chumba cha mama ntilie utakuwa kesi, wakachanga, wakakodi magari, na tarehe 20 Mei 2017 wakawaalika waheshimiwa wabunge kadhaa Mugango, pale ufukweni, wakawachomea sato, wakawachinjia mbuzi wakawapikia kichuri, ule utumbo wenye uchungu wa nyongo, na walipotafuta nani azungumze, wote walimgeukia marehemu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jina safi kama lake. Kumbe hapo ndipo walipomtaka, jina lake lisafishe midomo yao.

Marehemu alizungumza, na familia haitaficha alichosema, maana yeye mwenyewe hakukificha mpaka anakufa. Alisema, "Waheshimiwa, jengo likishakabidhiwa ni la mwenye nalo, kama binti akishaolewa ni wa kwa mumewe, nyinyi mlishaona wapi baba mkwe anashtakiwa kwa ugomvi wa ndoa?" Waheshimiwa walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mwiba, wajenzi wakapiga meza, na maneno yale yakazunguka kwenye simu kuanzia Bunda hadi Tarime. Muswada ulipofika kwenye kujadiliwa, kifungu cha miaka kumi hakikuwemo tena. Umoja ulifanya sherehe, marehemu akabebwa juu juu, na Dorkas, ambaye hakuwa mwanamke wa maneno mengi, alimuuliza usiku ule kama nyumba aliyomjengea mama mmoja mjane wa Kiabakari ingeanguka, yeye angekaa kimya kama baba mkwe. Alimjibu kwamba yake haianguki. Alikuwa na haki ya kujibu hivyo, lakini hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa.

Mwaka uliofuata, 2018, wakiwa wamechoka kupanga mjini, marehemu na mkewe waliamua kujenga nyumba ya uzeeni hapa Butiama, kwenye shamba hili mlilokaa, na kwa desturi ile ile kazi akapewa rafiki, msimamizi wa ndoa, Ndugu Ngusa, bila mkataba, maana ukimwandikia mkataba rafiki umemtukana. Nyumba ikapanda, nyuma yake ukajengwa mnara wa zege wa kubeba tenki la maji, na kwa muda wote ule Mzee Bomoa hakuileta nyundo yake hapa hata siku moja. Dorkas alimwambia, "Mbona kwa watu unagonga nguzo, kwetu hugongi?" Alimjibu, "Nitamdhalilisha Ngusa." Nyumba ilikabidhiwa tarehe 6 Aprili 2019, paroko wa wakati ule akaibariki, na Ndugu Ngusa akala hapa, akacheza hapa, akalala hapa.

Tarehe 11 Februari 2021, asubuhi, Dorkas alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mnara anafua, tenki likiwa limejaa, mnara ukakatika katikati ukamwangukia. Majirani mliofika kwanza mnajua mlichokiona, na hatutakirudia mbele ya watoto wake. Lakini mliona na kitu kingine, mliona zege linalomeguka kwa vidole, mliona nondo nyembamba za kufungia banda la kuku pahali palipotakiwa nondo za kubeba maji ya nyumba nzima, mkatazamana. Marehemu alifika kutoka Musoma, akapiga magoti, akaokota kipande cha zege, akakigonga na kingine, akasikiliza, akaanza kulia kwa sauti ambayo Boke hakuwahi kuisikia kwa kaka yake, hata tulipomzika mama.

Ndugu Ngusa alikuja kwenye msiba ule, haki yake tumpe, alileta dume la ng'ombe, alilia, akabeba jeneza, akashika bega la rafiki yake akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, ndugu yangu." Mungu hakumwaga zege lile. Marehemu alimwomba neno moja tu, na familia ilikuwepo, alimwomba aseme kwamba mnara ule ameujenga yeye na kwamba ameujenga vibaya, basi, yaishe, wasipelekane popote. Ndugu Ngusa alijibu kwamba alikuwa na mafundi wengi, kwamba nondo aliuziwa hivyo dukani, kwamba mwenye duka naye aliletewa hivyo kutoka kiwandani, kwamba tenki huenda lilijazwa kupita kiasi. Yaani mpaka Dorkas mwenyewe alipata sehemu ya lawama kwa kutaka maji mengi, na mnara wa watu wengi hivyo ukakosa mwenyewe.

Marehemu alikwenda mahakamani mwaka 2022, na huko ndiko mdomo ulipoponza kichwa, kwa sababu wakili wa upande wa pili alisimama, akawasha simu, akamsikilizisha hakimu sauti ya marehemu mwenyewe akiwa Mugango akiuliza nyinyi mlishaona wapi baba mkwe anashtakiwa. Hatusemi walivunja sheria. Tunasema walikuwa wamekaa pale nyuma, wale wale waliopiga meza, na wengine wao walicheka tena. Hakimu alisema anasikitika lakini sheria ya kumshika mjenzi baada ya makabidhiano hakuiona, mkataba haukuwepo, kesi ikaisha. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na marehemu alirudi nyumbani akiwa amechomwa na mkuki aliounoa kwa mikono yake.

Hakulala juu ya kidonda. Muswada uliposemekana unarudi, mwaka 2023, alianza kuzunguka, Musoma, Bunda, Butiama, kwa basi na kwa bodaboda, kwa waheshimiwa, kwa madiwani, kwa akina mama wa vikoba, akisema kile kifungu kirudishwe. Umoja ulimfukuza uanachama kwa kikao cha asubuhi moja. Halafu zikaanza zile hila ndogo ndogo, akienda dukani saruji imeisha, akitoka anayemfuata anauziwa, akiomba zabuni jina lake limechelewa, mafundi wake wanaambiwa wachague, yeye au kazi nyingine zote za mkoa, na mmoja mmoja wakachagua, hatuwalaumu, wana watoto. Kuna aliyemwita msaliti sokoni Iringo mbele ya Brenda. Kuna waliosema kifo cha mke kimemchanganya akili. Waliosema hivyo wapo hapa, wamekula wali wetu leo, na wameshiba.

Tarehe 19 Septemba 2023 waheshimiwa wa kamati walikuja Musoma kusikiliza maoni ya wananchi, na Umoja ulijaza ukumbi kwa watu waliovaa fulana za njano zilizoandikwa Tuacheni Tujenge, mabasi mawili kutoka Bunda, na chakula cha mchana kimeandaliwa. Marehemu alikwenda na Boke tu. Zamu yake ilipofika walianza kuguna na kuburuza viti, akasubiri, akasema, "Waheshimiwa, mimi ndiye niliyewachekesha Mugango. Leo nimekuja mnirudishie kicheko changu." Akaeleza habari za mnara, bila kulia, akaeleza desturi yao ya kutokaguana na akakiri kwamba aliifuata kwa upumbavu, akasema kwamba mtu anayejua ataulizwa hafungi nondo ya banda la kuku. Kisha akageuka, akamwita Ndugu Ngusa kwa jina la utani la shuleni, akamwambia, "Sema tu uliujenga wewe. Sitaki kingine." Ndugu Ngusa aliangalia simu yake. Watu wa fulana wakaanza kuimba, mlinzi akamwomba marehemu akae, akakaa. Maneno yake yaliandikwa kama maoni ya mwananchi mmoja, na ya wenzake kama maoni ya wadau.

Presha ilikuwa imemwanza tangu kifo cha mkewe, na tarehe 2 Desemba 2023 alipata kiharusi akiwa ofisini Iringo, akalazwa Musoma, akahamishiwa Mwanza, akarejeshwa nyumbani mwezi Februari akiwa anatembea kwa fimbo na mkono wa kulia umekataa. Mpaka hapo bado aliwapigia simu waheshimiwa, kwa sauti ile ya kuburuza, wengine wakidhani amelewa. Tarehe 1 Juni mwaka huu wa 2024 alianguka tena, akalazwa Musoma, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 3 Juni alifariki dunia, Brenda akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Sasa kuna jambo la kaburi, na ndugu waombolezaji wengi mmeuliza tangu asubuhi, kwa hiyo familia inalieleza. Mnajua kwamba mjenzi akifa, wajenzi wenzake humjengea kaburi bure, kuta za tofali, mfuniko wa zege, vigae juu, msalaba, na wanashindana nani atapiga lipu vizuri zaidi. Jumanne Umoja ulikuja na lori, mchanga, kokoto na mifuko ya saruji, ile saruji iliyokuwa imeisha, wakasema ya nyuma yamepita, mwenzao ni mwenzao, wanataka kumheshimu. Familia haikuwafukuza. Familia iliwaambia tu alichoagiza marehemu, kwa sababu aliagiza, siku ya Jumapili, mdomo ukiwa umepinda lakini akili yake nzima. Kaburi la Dorkas alilijenga yeye kwa mikono yake, na chini ya jina la mkewe akaandika kwa msumari, zege likiwa bado bichi, limejengwa na Revocatus Makongoro, nendeni mkaangalie, lipo pale kushoto. Kwa la kwake akasema, "Wanijengee, sikatai. Ila atakayejenga asimame siku ya maziko mbele ya watu, ataje jina lake, aseme hili nimelijenga mimi, likibomoka ndani ya miaka kumi niulizwe mimi."

Ni kaburi, ndugu zangu, si ghorofa. Halina tenki juu, halina mpangaji ndani atakayelalamika. Mkandarasi wa kwanza aliposikia sharti hilo alisema anatafuta mtandao apige simu, akashuka bondeni, hakupanda tena. Wa pili alisema inabidi amuulize kwanza wakili wake. Wakili, jamani, kwa kaburi! Wa tatu alikuwa Ndugu Ngusa mwenyewe, na huyu alikaa muda mrefu, alimwomba Boke waongee pembeni, akasema yeye moyoni angependa, Revo alikuwa ndugu yake, lakini muswada uko njiani na Umoja hauwezi kutoa mfano mbaya, kwa maana wakikubali miaka kumi kwa kaburi, waheshimiwa watawauliza kwa nini wanaikataa kwa nyumba. Aliyasema hayo machozi yanamtoka. Kisha akapanda kwenye lori, likarudi Musoma na mzigo wake wote.

Kwa hiyo marehemu anazikwa kwenye udongo mtupu, shimo limechimbwa na vijana wa kitongoji hiki tangu alfajiri, na wao walipoulizwa nani amechimba walitaja majina yao bila kuita kikao. Lakini kabla ya kuendelea, familia ilikubaliana kwamba mahali hapa msomaji anyamaze kidogo. Mchanga unapatikana, saruji tutanunua, na mtu akisimama sasa hivi akasema jina lake na akasema neno lile ambalo marehemu aliliomba kwa miaka mitatu, la mnara au la kaburi, lolote kati ya hayo mawili, tutasubiri hata mpaka kesho tuzike kwa heshima zote, na tutamkumbatia. Tunanyamaza.

Ahsanteni. Tuendelee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma na Mwanza waliomhudumia marehemu kwa upendo, ambao kila mmoja alisaini alichofanya na saa aliyokifanya. Inawashukuru wakwe zetu wa Nyasura, waliokuja na gunia la mchele na hawakuuliza tena habari za Roma, wavuvi wa Mugango walioleta dagaa na sato kwa ajili ya waombolezaji, majirani wa Butiama waliochota maji kwa ndoo kwa sababu nyumba hii haina mnara, na mafundi wawili, Mayala na mwenzake, waliobaki na marehemu mpaka mwisho wakala naye mihogo. Inamshukuru paroko. Inamshukuru mwakilishi wa mheshimiwa mbunge, na inamwomba akifika amweleze mheshimiwa kwamba amehudhuria maziko ya mkandarasi wa miaka thelathini aliyekosa mtu wa kumjengea kaburi, na ampe sababu, asije akasema hakuambiwa. Inaushukuru Umoja kwa turubai, kwa viti na kwa mashada, ambayo ni makubwa kuliko jeneza, na turubai na viti vitarudishwa kesho vikiwa vimefutwa vumbi.

Kwa wale ambao hatukuwataja, si dharau, ni machozi. Tutakapofika pale shimoni kila mtu ataruhusiwa kutupia udongo, hata wewe Abednego, maana ulikuwa rafiki yake kabla hujawa mwenyekiti, na udongo tunaujua umetoka wapi.

Kaka Revo, pumzika kwa amani, juu yako hakuna zege la mtu.